Tembe Nyekundu za Mbinya

Mbinya, mke wa shemeji yangu Kyule, alipata mimba mwaka wa kwanza wa ndoa, na ini lake bovu hivyohivyo. Mimi Wayua, mzima wa afya, miaka tisa kwa mume wangu Mutisya, sina hata wa kumtuma chumvi. Nilimwonea wivu, na sitaficha.

Ini lake lilikuwa na makovu ya ugonjwa wa tangu utotoni. Kliniki walimwonya nikiwa hapo: mishipa ya kooni imevimba, inaweza kupasuka ivuje damu ndani kwa ndani. Akienda choo cheusi kama lami, aje siku hiyohiyo. Mama mkwe wetu, tunayemwita Mwaitu, akanipa kazi ya kumpa dawa kila asubuhi. Eti mimi sina mtoto wa kunishughulisha. Alisema hayo mbele ya wageni wa kanisa.

Dawa za ini nilimpa bila kukosa. Mimi si muuaji. Lakini zile tembe nyekundu za kuongeza damu! Sokoni Mbumbuni nilisikia zinaamsha kizazi. Kwa nini kila kizuri kiwe chake? Nikanunua vitamini nyekundu dukani nikawa nampa hizo, zake nikameza mimi. Wiki tatu choo changu kilikuwa cheusi, nami nikafurahi kwamba dawa inafanya kazi.

Mimba ikiwa ya miezi saba, tukiwa uani tukipura ndengu, Mbinya alitoka chooni akishikilia ukuta.

"Wayua, choo ni nyeusi. Na inanuka vibaya sana."

Mwaitu hakuacha hata kupura. "Si ni hizo tembe za damu? Nesi alisema zinageuza choo. Hata mimi nikiwa na mimba ya Kyule ilikuwa hivyo. Enda ulale, mwana wakwa."

Mbinya akaamini, akageuka kurudi kitandani. Ni mimi tu niliyejua kwamba hakuwa amemeza hata moja. Ningenyamaza, nani angenishtaki? Na nilinyamaza kweli, nikapepeta ungo mzima. Kisha nikainua macho nikaona midomo yake imekuwa myeupe.

"Mwaitu, hizo tembe hajameza," nikasema. "Ni mimi nimekuwa nikimeza."

Mutisya alikimbia kuomba gari la jirani. Hospitalini walimpitisha Mbinya mpira mdomoni, wakafunga mishipa iliyokuwa ikivuja, wakamwongeza damu. Daktari alisema tungengoja hadi jioni, mama na mtoto wangekufa wote wawili. Wiki saba baadaye akajifungua msichana, hukohuko hospitalini, salama.

Waliporudi nyumbani, Mwaitu alininyang'anya mkebe wa dawa. "Mkono wako hautamgusa tena."

Mbinya, mtoto akiwa kwenye titi, akauchukua mkebe akaniwekea mapajani. "Mwaitu, wacha. Wayua angenyamaza, saa hii singekuwa hapa."

Nilipaswa kushukuru. Badala yake wivu ukanishika upya, mkali kuliko ule wa kwanza: hata moyo wa kusamehe, amepewa yeye.