Taulo la Moto

Baba ni mkandaji. Wacheza mpira na wabeba mizigo wamepita mikononi mwake, na kwake hakuna ugonjwa usiotii taulo la moto. Ukishikwa na mafua, taulo. Ukiachwa na mchumba, nadhani pia taulo.

Mama alipougua kansa ya mifupa, hospitali walimbandika plasta ya dawa ya maumivu chini ya bega. Nesi alitueleza kuwa dawa inapenya ngozi kidogo kidogo, inaingia kwenye damu, na damu inaipeleka mpaka kwenye ubongo. Baba aliposikia ngozi akachangamka, maana ngozi ndiyo kazi yake.

Siku moja narudi kutoka kazini, namkuta kakaa kitandani kwa mama, beseni la maji ya moto miguuni, taulo linafuka mvuke juu ya plasta.

"Polepole, mwanangu," alininong'oneza. "Kapata usingizi. Nimeisaidia dawa kuingia."

Nikainama. Mama alivuta pumzi moja, kisha kimya kirefu. Nikamwita, nikamfinya, wapi. Midomo ilishapauka.

Nikaibandua plasta na kumpigia nesi.

"Joto limeivuta dawa kwa mkupuo, sasa inambana pumzi," alisema. "Mleteni haraka. Na kuitoa plasta hakutoshi, dawa nyingine imejaa chini ya ngozi, bado inaingia."

Nilimgeukia baba. Hasira zangu hazijui mlango wala dirisha.

"Unamuua mama," nilimwambia.

Baba alimbeba mwenyewe hadi kwenye gari.

Hospitali walimchoma sindano ya kuipinga ile dawa. Mama akafumbua macho, tukashusha pumzi. Baada ya muda akazama tena, kwa sababu nguvu ya sindano iliisha kabla dawa haijaisha mwilini. Wakamchoma nyingine, wakamtundikia dripu. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa maishani.

Asubuhi alikuwa macho, na maumivu yamerudi yote. Hata shuka lilimuumiza.

"Mzee yuko wapi?" aliuliza.

Baba alikuwa mlangoni, mikono kaificha kwapani.

"Njoo unikande miguu, baba watoto. Jana ulivyonikanda sikuumwa popote."

Baba hakumtazama mama. Alinitazama mimi, kama mtu anayengoja ruhusa, na nikaona aibu hadi masikioni. Nikasogeza kiti karibu na kitanda.

"Mkande, baba. Bila taulo tu."

Akakaa, akaushika mguu wa mama. Mikono ile iliyokuwa ikiwaliza mabaunsa iliugusa tu kama mtu anayepima kama pasi imepoa.

"Kaza kidogo," mama alisema.

"Nakaza," baba alijibu, na vidole vyake havikusogea.