Mtaro wa Faiba Uliofukiwa

Kila ikifika tarehe ishirini ya mwezi, intaneti ya Borghild ilianza kuburuta miguu. Kampuni ya simu ilimuuzia bando la bila kikomo, na kweli halikuisha. Ila akishatumia kiasi walichojiwekea wao, walimpunguzia kasi mpaka picha ikaganda. Na yeye, mwenye miaka sabini na moja, alikuwa akifundisha fidla kwa njia ya simu. Wanafunzi wengine walishachoka wakaacha. Alibaki Åshild peke yake, huko kaskazini ya mbali, ambaye Juni angepanda jukwaani kwenye mashindano ya taifa. Hata mwanzoni mwa mwezi, sauti ya fidla ya Åshild ilikwama kidogo kwenye kipande fulani cha katikati, naye Borghild akailaumu kampuni na kuendelea.

Basi faiba, intaneti ya waya unaofukiwa ardhini, ilipotangazwa bondeni kwao, alijiandikisha wa kwanza. Anayechimba mwenyewe mtaro kutoka barabarani hadi nyumbani angelipa kidogo. Asiyechimba, krone elfu kumi na tano, na pensheni yake haikuweza kuzibeba. Akachimba wiki tatu na jirani yake Eilif, mita sitini, kina cha sentimita arobaini. Fundi angepita Ijumaa saa sita mchana. Atakayekutwa hayuko tayari, angoje mwakani.

Alhamisi alikwenda mjini kung'oa jino. Aliporudi saa kumi, ua ulikuwa unapendeza ajabu. Majani yamechanwa kwa reki, mlingoti wa bendera umepakwa rangi, na mtaro haupo.

Gunnvor, mwenyekiti wa msaragambo, alikuwa ameegemea reki yake, uso unang'aa. Kila mwaka kabla ya tarehe kumi na saba Mei, bonde zima husafishwa kwa ajili ya sikukuu ya taifa.

"Unaonaje?" akauliza Gunnvor. "Kulikuwa na shimo baya sana hapo. Tumelifukia watu kumi na wawili, kisha Odd akalishindilia kwa mashine."

Borghild alitupa jicho ghalani. Bomba la rangi ya chungwa, lile la kupitishia waya, bado lilikuwa limeviringishwa ukutani.

"Gunnvor mwenzangu, mlipofukia, mliona bomba humo ndani?"

"Hapana."

"Haya."

Gunnvor akaanza kuwa mwekundu, kutoka shingoni kwenda juu. Eilif, aliyekuwa amesimama getini, akavua kofia. "Hongereni. Mmeizika intaneti kabla haijazaliwa."

Gunnvor alishatoa simu. Alikuwa anawaandikia wale wale waliofukia.

Ijumaa saa moja asubuhi walikuwapo wote na sepetu zao, na ardhi ilikuwa ngumu kuliko mara ya kwanza.

"Odd, wewe ndiye uliyeshindilia," Eilif akasema. "Chukua upande wa mawe."

"Nilishindilia vizuri, au vipi?"

"Vizuri mno, ndugu yangu. Chimba."

Jasho likawatoka, watu wakavua masweta. Mita hamsini zikafunguka, zikabaki kumi, kisha fundi akatokea saa tano na nusu, nusu saa kabla ya wakati. Borghild akamkalisha barazani, mgongo kuelekea mtaro, akamwekea kahawa na vafler, keki bapa za moto, na jibini la kahawia.

"Mwanangu, nieleze bei. Taratibu, mimi si mwepesi."

"Ziko tatu, mama. Ya chini, ya kati, ya juu."

"Waya wa bei ya juu ni mnene zaidi?"

"Hapana. Ni ule ule."

"Sasa nalipia nini?"

"Kasi. Tunaibana sisi huko kwetu."

"Makusudi?"

Fundi akacheka na vafler mdomoni. "Ndiyo biashara yenyewe."

"Na bila kikomo yenu ikoje? Maana ile ya simu nayo iliitwa hivyo."

"Hii hatupunguzi. Unalipia upana wa mlango, hatuhesabu wanaopita."

"Rudia ile ya kati."

"Umeniuliza mara tatu, mama."

"Uzee huo."

Saa sita kamili fundi akainuka na futi yake ya kupimia. Watu kumi na wawili walisimama wakimtazama, matope hadi magotini. Arobaini. Arobaini. Thelathini na nane. Kabla hajafungua mdomo, Gunnvor aliruka ndani na sepetu, akapiga mara mbili, akatoka.

"Pima tena," akasema.

Arobaini na moja.

Bomba likalazwa, waya ukapitishwa, na Borghild akachukua bei ya chini. Tarehe ishirini na mbili, siku ambayo picha ingekuwa imeganda zamani, Åshild alitokea kwenye kioo akaanza kupiga. Kilipofika kile kipande cha katikati, sauti ikakwama. Borghild akasogea karibu. Akatazama. Nyuma ya Åshild paka alikuwa anatembea dirishani bila kukwama hata hatua moja.

"Simama hapo," Borghild akasema kwa furaha. "Mwaka mzima nimewatukana watu wa mtandao bure kwa kipande hiki. Ni kidole chako cha tatu. Kinachelewa."

Åshild akakitazama kidole. "Kweli?"

"Kweli kabisa. Na Juni bado haijafika. Haya, tangu mwanzo, polepole, leo hakuna wa kutukata."