Simama Hapo Ulipo

Mdogo wangu Ochan alikuwa amesimama wima katikati ya barabara ya Kisugu, kidevu juu, mikono imebana mapaja, wakati Land Rover ya jeshi yenye bendera ilipomgonga. Mimi nilikuwa nimeruka mtaroni. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, na utiifu haukuwahi kuwa sifa yangu.

Baba, Koplo Oloya wa polisi, ndiye aliyetufundisha. Mwaka ule wa sabini na tatu serikali ya kijeshi ilitushuku sisi Waacholi; waliobaki kazini walikuwa wachache, na kila mmoja aliishi roho mkononi. Aliyekimbia gari la mkubwa alionekana ana la kuficha. Basi kila Jumapili baada ya misa baba alitupanga uani, yeye mwenyewe akawa gari, akapita mbele yetu akinguruma kwa mdomo huku mama akishika mbavu kwa kucheka.

"Gari yenye bendera ikipita, simama hapo ulipo," alituambia. "Usikimbie."

Hakusema tutoke barabarani kwanza. Hakufikiri mtoto angehitaji kuambiwa hivyo, na labda mtoto mwingine asingehitaji. Ochan alikuwa na miaka saba, na alimwamini baba kuliko alivyoyaamini macho yake.

Dereva hakusimama. Mama mmoja muuza matoke alimfunga Ochan mguu kwa leso yake, tukamkimbiza hospitali kwa mkokoteni. Madaktari wengi walikuwa wameshaikimbia nchi. Aliyebaki aliukata mguu chini ya goti.

Siku chache baadaye Meja Taban alikuja wodini na mfuko wa sukari, wakati sukari haikuonekana Kampala nzima. Gari lilikuwa lake. Sijui kilichomleta, nataka kuamini ni huruma. Baba alimpigia saluti, naye meja akainama kitandani, akauliza kwa Kiswahili cha jeshini.

"Kijana, kwa nini wewe hapana toka njiani?"

"Baba alisema gari ya bendera nakuja, mtu nasimama," Ochan akajibu, kwa fahari kidogo.

Meja akamgeukia baba, nami nikaogopa kuliko siku ya ajali, maana watu walikuwa wakichukuliwa kwa maneno madogo kuliko hayo, wasirudi.

"Dawa nasumbua kichwa yake, afande," baba akasema. "Alikuwa nacheza tu barabarani. Makosa ni yake."

Meja akauweka mfuko juu ya shuka, pale ambapo mguu ungekuwapo, akatoka.

Simlaumu baba. Nimeshakuwa mama, na ningesema hivyohivyo. Neno lile lilitubakisha hai sote, lakini Ochan alilisikia.

"Sikuwa nacheza," alisema kwa Kiacholi.

"Najua."

"Nilisimama vizuri."

"Ulisimama vizuri, mwanangu."

"Basi kamwambie meja."

Baba akainuka, akaenda mpaka mlangoni mwa wodi, akasimama hapo. Tulisikia gari likiwashwa nje, likateremka kilima, likapotea. Kisha akarudi, akaketi mwisho wa kitanda, akatugeuzia mgongo.