Vani ya Winchi

Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Tumelelewa na maneno hayo, na aliyeyatunga bila shaka hakuwahi kuuza gari huku ana mgonjwa nyumbani. Angekuwa naye, angefunga mdomo.

Winchi alikuwa na gari jema kuliko yote ya mtaani kwao, na tangu Jumatatu alikuwa akilitembeza kama mchuuzi wa nyanya zilizoanza kulainika. Asubuhi alilisimamisha kwenye kituo cha mafuta, mchana nje ya uwanja wa mpira, jioni mbele ya soko la mbao, na bango la LINAUZWA kwenye kioo. Watu walilipapasa, wakalisifu, wakaenda zao. Sifa hazilipi hospitali.

Jina la Winchi alipewa na mafundi wenzake, maana kazi yake ilikuwa kuvuta magari yaliyokufa njiani. Vani yenyewe ilikuwa ya zamani, imemzidi umri binti yake mkubwa, lakini hakuna aliyewahi kuiona ikitoa moshi mweusi. Aling'oa viti vya nyuma kwa mikono yake, akatia kitanda cha kukunjua, makabati, sinki lenye tangi lake, jiko la gesi na paa la turubai linaloinuliwa kwa mkono. Nyuma kabisa aliunga ndoano nene ya kuvutia. Siku za kazi ilitoa malori kwenye matope. Wapima ardhi walipoingia porini waliikodi iwavutie tela la vifaa na iwe nyumba yao huko. Shule zikifungwa, ilikuwa zamu ya familia: kambi kando ya mto, watoto juu ya paa, mama yao akinung'unika kwamba hata likizo kaletewa jiko. Mama huyo aliiita vani "mke mwenzangu", na hakuwa anatania sana. Mume anayeamka na kusikiliza injini kabla hajamsalimia mtu, utamwambia nini?

Sasa mke huyo hakuweza kutoka chumbani hadi mlangoni bila kushika ukuta. Daktari alikuwa amewaeleza taratibu, akichora kwenye karatasi: valvu moja ya moyo haifungi, damu inarudi nyuma.

"Valvu," Winchi alisema, na kwa mara ya kwanza tangu waingie pale alihisi anazungumza na mtu wa kwao. "Inasagwa au inabadilishwa?"

"Inabadilishwa."

Winchi alikuwa amebadilisha valvu maishani mwake mpaka akachoka, usiku, mvuani, kwa tochi mdomoni. Alitazama mikono yake mikubwa juu ya meza ya daktari na akaona haina maana yoyote. Waliojua kubadilisha ile ya mkewe walikuwa mabingwa wageni, waliokuja kwa wiki hiyo tu. Wangerudi mwakani. "Mwakani," daktari alisema, "mimi nisingengoja." Na hospitali haikutoa kitanda kabla ya malipo. Ndugu walichanga mpaka wakakauka. Pengo lililobaki lililingana na thamani ya vani, ikiuzwa kwa bei yake ya haki, bila kupungua hata kidogo.

"Usimwambie mnunuzi yeyote kwamba ninaumwa," mke alimwonya. "Wakijua shingo yako iko kwenye kitanzi, watakupunja. Sema unanunua jipya."

"Jipya kwa pesa gani?"

"Si utasema tu, baba watoto? Kwani uongo unalipiwa ushuru?"

Lakini Winchi na uongo walikuwa kama mafuta na maji. Mwalimu mmoja wa shule ya bweni, anayepeleka wanafunzi kambini kila muhula, aliipenda vani mpaka akapanda kitandani na viatu. Kisha akafungua boneti, na uso wake ukabadilika. Injini ilikuwa safi, unaweza kulia chakula juu yake.

"Gari la umri huu haliwi hivi," mwalimu alisema. "Umeficha nini?"

"Sijaficha kitu, mwalimu. Nimelitunza tu."

"Unaliuza kwa nini?"

Winchi akafuta mikono kwa kitambaa. "Nataka... nanunua... jipya."

Mwalimu akamtazama viatu, akamtazama shati, akarudi kwenye viatu. "Kaka, kama ni zima kiasi hiki, mbona unalitembeza?" Akafunga boneti kwa adabu na kwenda zake. Winchi alibaki na kitambaa mkononi, na kwa mara ya kwanza maishani alitamani angeliacha gari lake lichafuke. Yaani utunze kitu miaka yote hiyo, halafu usafi wake ndio ukunyime mteja! Alipiga teke gurudumu, kisha akainama kuangalia kama amelikwaruza.

Alhamisi asubuhi, mtu wa makamo mwenye penseli nyuma ya sikio alikuja hadi nyumbani kwao. Mke wa Winchi alikuwa amekaa kwenye kiti mlangoni, amejifunga kitambaa kizuri kichwani na kupaka wanja ili aonekane mzima. Mgeni alisalimia, akasema yeye ni seremala, ameona bango pale soko la mbao. Hakuuliza habari za boneti. Aliomba injini iwashwe, akasikiliza akiwa amefumba macho, akaitikia kwa kichwa kuridhika. Winchi alitaka kumkumbatia. Kisha mgeni akatoa futi yake na kuanza kupima: urefu wa kitanda, upana wa mlango wa nyuma, kimo kutoka sakafuni.

"Kitanda kinakunjuka," Winchi alieleza, ulimi umemfunguka. "Godoro jipya. Hapa maji, hapa jiko, unapika huku mvua inanyesha."

"Jiko linatoka?"

"Litoke kwa nini? Abiria wako watakula nini?"

"Abiria wangu hawali," seremala alisema, akiandika kipimo kwenye kiganja chake.

Winchi akacheka. Muuzaji hucheka mzaha wa mnunuzi hata kama hajauelewa. "Na sinki?"

"Hawanawi pia. Bei yako naikubali kama ilivyo, ndugu yangu. Gari lenye mwendo wa utulivu hivi nimelitafuta muda mrefu. Watu wakiwa msibani hawataki kelele za injini."

Hapo ndipo kicheko kilipomkauka Winchi mdomoni. Alielewa seremala huyu anatengeneza masanduku ya aina gani.

Katika kazi ya kuvuta magari Winchi alikuwa na mwiko mmoja tu. Alikuwa tayari kuvuta chuma kilichopondekapondeka, lakini ikiwa ndani kuna maiti, alikaa pembeni mpaka waje kuitoa. Gari linalobeba mfu, alisema, huzoea njia. Wenzake walimcheka, naye hakujali. Na sasa mtu alikuwa amesimama na futi juu ya kitanda ambacho mke wake amekilalia, anapima maiti!

"Toka," alisema.

"Samahani?"

"Toka garini mwangu! Mke wangu amelalia kitanda hicho. Unataka kunitilia mkosi nyumbani? Toka, kabla sijakutoa!" Aliinyakua futi na kuitupa barabarani. Seremala alishuka, akaiokota, akaikunja, akaondoka kwa mwendo ule ule wa mtu ambaye amezoea kuonekana kisirani.

Mke alikuwa amesikia yote kutoka pale mlangoni.

"Alikuwa anatoa kiasi gani?"

Winchi akafunga mlango wa nyuma wa vani.

"Nakuuliza, baba watoto."

"Bei yote."

"Yote?" Akavuta pumzi kwa shida. Alipozungumza, ilibidi apumzike kila baada ya maneno machache, na kwa hiyo kila neno lilimfikia mumewe. "Gari likibeba maiti, nitakufa. Lisipobeba maiti... nitakufa vilevile. Sasa wewe mfanyabiashara... niambie lipi lina faida."

"Mama, usiseme hivyo."

"Mwenye moyo mbovu ni mimi. Mkosi ukija, utaniuliza mimi... si wewe. Na mimi nasema uje. Mfuate yule mtu."

"Siwezi. Nimemtukana."

"Haya, nitamfuata mimi." Na kweli akainuka, akaachia kiti, akapiga hatua kuelekea barabarani. Miguu ikamkataa. Winchi alimdaka kabla hajafika chini, akamrudisha kitini, wanja umemchirizika mashavuni, na mwili wake ulikuwa mwepesi kuliko jeki ya gereji. Winchi alianza kulia pale pale. Kisha akakimbia, na kandambili moja ikabaki njiani.

Karakana ya seremala ilikuwa nyuma ya soko la mbao. Masanduku yalisimama ukutani kwa kimo, makubwa kwa madogo, na Winchi alijilazimisha asiyatazame yale madogo. Seremala alikuwa akipiga msasa.

"Nimekuja kukuuzia," Winchi alisema akihema.

"Umechelewa. Nimepitia kwa mtu mwenye pikapu, nimempa kishika uchumba. Harudishi."

"Nipe basi kilichobaki... hapana, hakitatosha. Sikiliza, mzee wangu. Nilikudanganya. Yaani hukuniuliza, lakini ungeniuliza ningekudanganya. Mke wangu anaumwa moyo. Kesho madaktari wanamaliza. Leo nisipolipa, hana kitanda." Alikuwa amepiga magoti kwenye vumbi la mbao na hakukumbuka alipiga saa ngapi. "Nisamehe ile futi. Nipige nayo ukitaka."

Seremala hakuacha kupiga msasa. "Kila anayeingia hapa ana lake, ndugu yangu. Sijawahi kupata mteja aliyekuja na furaha. Nikianza kumhurumia kila mmoja, nitafunga karakana."

"Ndiyo. Najua."

"Inuka, unachafuka." Akapuliza vumbi kwenye ubao, akapitisha kidole. "Dereva wangu ameacha kazi. Anasema anaota ndoto. Leo mchana kuna mama wa watu anasubiri kuchukuliwa. Nitakulipa bei yote, kishika uchumba cha pikapu nimekipoteza basi. Lakini hasara hiyo utaifidia kwa kuniendeshea, bila mshahara, mpaka iishe."

"Nitaendesha," Winchi alisema kabla mwenzake hajafunga mdomo.

Jiko na sinki alivitoa mwenyewe, kwa spana zile zile alizovifungia. Wakati anafungua boliti za kitanda, shemeji yake, dada wa mkewe, alikuwa tayari amepeleka malipo hospitali na kurudi na teksi hadi mlangoni. Mke alikaa kiti cha nyuma, kichwa begani kwa dada yake. Kesho asubuhi angekuwa wa kwanza kuingia chumba cha upasuaji.

"Uje kabla hawajafunga saa za kuona wagonjwa," alimwambia mumewe kupitia dirishani.

"Nitakuja."

"Na huyo mama wa leo, usimrusherushe kwenye mashimo. Na wewe, usimlete nyumbani." Alijaribu kucheka, ikawa kukohoa, na teksi ikaondoka.

Msiba ulikuwa upande wa pili wa mji. Sanduku liliingia mlango wa nyuma bila kukwaruza popote, kama vile vani ilitengenezwa kwa ajili yake, na jambo hilo lilimuumiza Winchi kuliko alivyotegemea. Waombolezaji walipanda basi. Mfiwa, mzee mfupi aliyefunga vifungo vya koti mpaka shingoni, alikataa basi, akaomba akae mbele, karibu na mke wake.

Walikwenda polepole. Mzee alizungumza mambo madogomadogo, kama wafiwa wanavyofanya wakiogopa kunyamaza. Kwamba mvua mwaka huu zimechelewa. Kwamba marehemu alichukia mwendo wa kasi. Gari likikimbia alikuwa anashika kiti na kusoma dua zote anazozijua. Winchi aliitikia, jicho moja kwenye saa. Makaburi yalikuwa mbali, na hospitali ilikuwa mbali zaidi, upande walikotoka.

"Na wewe mwanangu, una mke?"

"Ninaye, mzee."

"Hajambo?"

Winchi alibana usukani. "Amelazwa."

Mzee alikuwa ameshinda siku nzima akiambiwa jambo moja na kila aliyemshika mkono, na masikio yake hayakuwa na nafasi ya maana nyingine. Aligeuka, akaweka kiganja chake begani kwa Winchi, akasema kwa upole wote aliobakiwa nao: "Pole sana. Mungu amlaze mahali pema."

Winchi alikanyaga breki. Nyuma, sanduku liliteleza na kugonga ubao. Basi lilipiga honi ndefu na kusimama karibu liwaguse.

"Hospitali!" alipiga kelele, sauti imepasuka. "Amelazwa hospitali, mzee! Yupo! Mke wangu yupo!"

Mzee alimtazama. Mkono wake ulikuwa bado begani, na hakujua autoe au auache.

"Yupo," alirudia taratibu. "Atapona?"

"Sijui. Kesho wanampasua. Sijui, mzee."

"Saa za kuona wagonjwa wanafunga lini?"

"Jioni hii."

Mzee aligeuza shingo, akalitazama sanduku kwa muda. Kisha akakaa vizuri na kushika kiti kwa mikono yote miwili.

"Mama huyu atavumilia," alisema. "Kanyaga."