Hotipoti Tatu za Dada Mkubwa

Ukiwa kitinda mimba, jamani, hata mvi zikuote mpaka kwenye nyusi, utabaki kuwa mtoto. Muulizeni fundi saa. Ana kibanda chake mjini, ana kitambi chake, ana wateja wanaomwamkia shikamoo. Lakini kila Krismasi, familia ikijiandaa kula kwa Dada Mkubwa, maneno anayoambiwa kwa simu ni yaleyale: "Mtoto, wewe lete barafu tu."

Barafu! Dada anaoka, Kaka dereva wa lori ananunua nyama, yeye analeta maji yaliyoganda. Mwaka huu akachachamaa. "Krismasi inaliwa kwangu. La sivyo, barafu mtaitafuta wenyewe." Dada akasema haya. Kaka alicheka mpaka kwikwi ikamshika, akaapa kwamba atakuja na mkate mfukoni.

Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Fundi akanunua bata mzinga mkubwa kuliko busara, na oveni mpya ya umeme yenye saa yake humohumo. Unaipangia saa ya kuwaka, nayo inawaka yenyewe wewe ukiwa kanisani. Na kama kuna kitu ambacho fundi hakuhitaji kufundishwa na mtu, ni saa. Alfajiri ya sikukuu akampaka bata viungo, akamsukumia ndani akiwa bado na barafu tumboni (barafu na huyu mtu, sijui walikula kiapo gani), akabonyeza iwake saa tatu. Wageni wakifika saa saba, bata ameiva. Akaenda zake kanisani akipiga mluzi.

Wageni walifika saa saba kweli. Fundi akachungulia dirishani. Kaka alikuwa amefungua buti ya gari amtolee Mama fimbo yake, na humo ndani, chini ya shuka, zilijitokeza hotipoti tatu za Dada Mkubwa. Zile kubwa. Zile za Krismasi.

"Kumbe!" alijisemea. "Amepika akiba. Ananiona bure kabisa." Iliuma, tusidanganyane. Akaapa moyoni kwamba hotipoti zile zikivuka kizingiti chake leo, basi yeye ni Mtoto mpaka kaburini.

Dada aliingia, akasimama katikati ya sebule, akanusa. "Mbona sisikii harufu ya kitu?"

"Oveni za kisasa hazitoi harufu, Dada. Ndiyo usasa wenyewe."

"Na joto je, hazitoi?" Kaka aliuliza kutoka jikoni. "Maana nimeiegemea hapa, naona raha kama nimeegemea friji."

 Fundi akakimbilia jikoni, akafungua mlango wa oveni. Bata alikuwa amelala chali, mweupe, miguu juu, kama mtu aliye likizo. Fundi akatazama namba za oveni. Zilisema 3:00, vilevile alivyozipanga. Sasa, kwenye saa ya mishale, mshale mdogo ukigusa tisa sisi tunasoma saa tatu bila hata kufikiri, na fundi amefanya hivyo tangu ujana wake. Lakini mashine ile haikulelewa kwa Kiswahili. Iliambiwa tatu, ikashika tatu yake, ambayo kwetu ni saa tisa alasiri. Ilikuwa inasubiri kwa adabu zake zote.

"Fundi saa," Kaka alisema polepole, akionja kila neno, "ameshindwa na saa." Akakaa sakafuni kwa kicheko. Mganga hajigangi, tunajua, lakini huyu alikuwa amejilisha sumu kabisa.

"Tumeshakula?" Mama aliuliza kutoka sebuleni.

"Bado, Mama."

"Mbona nasikia watu wamefurahi?"

Fundi akawasha oveni, akajikaza kisabuni, akawaandalia alichokuwa nacho: karanga kidogo na beseni zima la barafu, maana mazoea yana tabu. Wakatafuna barafu. Saa nane ikapita. Tumbo la Mama likanguruma hadi yeye mwenyewe, asiyesikia vizuri, akauliza ni nani anahamisha makabati. Hapo fundi akaishiwa. Kiburi ni kiburi, lakini mama mzazi hashindi njaa siku ya Krismasi ili mwanawe aonekane mwanamume.

"Dada," alisema, "yaishe. Nimeshindwa. Kalete zile hotipoti zako."

"Zipi?"

"Niliziona kwenye buti. Usinifiche."

Dada Mkubwa akaona haya, kitu ambacho hakuna mtu wa nyumba ile aliyewahi kukishuhudia. Kaka akaenda kuzileta, zote tatu kwa mkono mmoja, akazipanga mezani. Fundi akafunua ya kwanza. Tupu. Ya pili, tupu. Ya tatu akaitikisa kabisa. Tupu.

"Miaka yote," Dada alisema, akikunja ile shuka bila sababu, "mnatoka kwangu mmejaziwa vyombo, mimi nabaki kukwangua masufuria. Nikasema mwaka huu na mimi naenda kwa watu, na mimi nitafungiwa cha kubeba. Sikupika hata yai."

"Hukuweka akiba yoyote?"

"Ya nini? Si ulisema unapika?"

Fundi akageukia ukutani, eti anatazama saa. Alikuwa analia waziwazi, hata Mama aliona.

Bahati nzuri mkate ulikuwepo kweli mfukoni mwa Kaka, umebonyea kidogo, wakagawana. Bata aliiva giza likiingia, na chakula cha mchana kikaliwa taa zikiwaka. Ubavu mmoja ulikuwa umeungua. Walikula kimya, na kimya cha ukoo ule ni sifa kubwa. Kaka alipouliza mwakani ni kwa nani, Mama alijibu bila kuinua uso kutoka kwenye paja la bata: "Hapahapa. Ila tuje tumeshakula."

Wakati wa kuondoka, Dada akamsukumia fundi hotipoti zake kifuani.

"Mwenye nyumba," alimwambia, "nijazie hizi. Na usinibanie."

Fundi alizijaza mpaka mifuniko ikagoma kufunga.