Hatua Elfu Moja na Mia Sita

Uwanja wa zamani wa ndege karibu na Nambambo ulikuwa na urefu wa hatua elfu moja na mia sita. Agapiti aliupima kwa miguu mwaka 2001, mwaka ambao mchimba visima wa kigeni alimaliza mkataba na kumwachia ubao wenye magurudumu manne ya mpira, pamoja na tanga dogo la kushika mkononi. Unasimama juu ya ubao, unalielekeza tanga kwenye upepo, unakwenda. Mguu ukigusa ardhi, safari haihesabiwi.

Hakuwahi kuvuka hatua mia nane. Shahidi wake alikuwa Kaimu wa Ruangwa, mtani wake, aliyepuliza naye salfa, dawa ya unga, kwenye mikorosho ya watu kila msimu. Kaimu alimwita Mzee Nusu, na jina likafika sokoni Nachingwea. Mwaka wa nne muuza dagaa alimuuliza Marietha, mke wa Agapiti, Nusu anaendeleaje. Marietha alilisimulia hilo nyumbani bila kucheka.

Sababu ya kuishia nusu ilikuwa wazi, ila walichelewa kuiona. Salfa hupulizwa alfajiri, majani yakiwa na umande na hewa imetulia. Upepo ukianza, mpulizaji huzima mashine na kwenda kulala. Hawa wawili walikuwa wamezoea kuukimbia upepo. Hata siku za kucheza walifika uwanjani alfajiri, wakati jani la mbaazi halitikisiki, wakaondoka saa tatu.

Agosti 2004 kijiji kiliugawa uwanja uwe mashamba. Trekta lingeingia Jumatatu. Agapiti alisema Jumapili wangekwenda saa tano. Ila alfajiri ya siku hiyo walikuwa na mikorosho sitini ya Bi Tunu iliyoshikwa na ubwiriunga, ukungu mweupe unaokausha maua, na maua hayasubiri. Walipomaliza, macho yalikuwa yanawasha, na goti la kulia la Agapiti, lililochakazwa na miaka kumi na miwili ya kubeba mashine mgongoni, lilikuwa limevimba.

Saa tano, walipofika uwanjani, upepo ulivuma kutoka kusini-mashariki, wa kutosha. Kaimu alijilaza kwenye kivuli cha kichuguu.

"Ukifika nusu, niamshe," alisema.

Kila hatua mia Agapiti alikuwa ameweka jiwe. Alilipita la nane, kisha la kumi. Baada ya la kumi na mbili hakuusikia tena mguu wa kulia. Ubao ulikwama kwenye nyasi za mwisho wa uwanja, akaanguka juu ya tanga na kulala hapo kwa muda. Halafu aliuacha ubao hapo, akarudi akichechemea kwenye nyasi za kando ya uwanja.

Kaimu alikuwa anakoroma. Agapiti alimwamsha, akamwambia amefika.

"Nani kakuona?"

"Hakuna."

"Basi, Mzee Nusu, na mimi nilikuwa naota."

Agapiti alimwonyesha vumbi. Magurudumu yalikuwa yameacha mistari. Mguu kama ungegusa, ungeacha alama. Kaimu alijinyanyua, wakaanza kuifuata mistari hiyo polepole, jiwe hadi jiwe. Baada ya jiwe la nane aliacha utani. Baada ya la kumi na mbili alisimama.

Kando ya mstari wa kulia palikuwa na alama ya kisigino. Agapiti aliweka buti lake juu yake. Lilienea sawasawa.

Kaimu aliuliza kama angeweza kurudia, kwa kuwa upepo bado ulikuwepo. Agapiti alijaribu kulikunja goti. Halikukunjika.

Kaimu aliinua mguu juu ya alama. "Kesho trekta litaifuta hii. Mimi nalitangulia tu."

"Iache. Twende mpaka mwisho kwanza."

Walikwenda. Hawakuona alama nyingine.

"Sokoni nitasema umefika," alisema Kaimu.

"Sema nimefika, na mguu uligusa mara moja."

Kaimu alisema maneno hayo ni marefu mno kwa soko. Agapiti akamwambia ayaseme hivyo hivyo. Kisha walishika ubao, mmoja mbele na mwingine nyuma, tanga likiwa juu yake, wakaanza kurudi hatua elfu moja na mia sita, upepo ukiwapiga usoni.