Siku Tatu za Maji Matamu

Adolphine aliambiwa asamehe kabla hata udongo wa kaburi haujakauka. Aliambiwa na mzee wa kanisa, aliambiwa na mashangazi, aliambiwa hata na jirani aliyekuja kurudisha sufuria. Wote wimbo mmoja: Isidore hakumpiga mtoto wako, hakumlisha sumu, hakumgusa hata kwa ncha ya kidole. Alikuwa amekaa tu ofisini mwake. Naye aliwajibu wote jibu moja, kwamba huko kukaa tu ndiko anakokwenda kumshtakia. Wakatikisa vichwa, wakasema uchungu umempanda kichwani. Uchungu gani! Mama yule alikuwa na hasira, na akili zake zilikuwa timamu kuliko za wote waliokaa kwenye kilio kile wakinywa chai yake.

Ebu tulieni niwaeleze. Mtaa wao uko pale chini kwenye mji wa Baraka, karibu na ziwa. Mota inavuta maji ziwani, inayapandisha kwenye tangi kubwa jeusi, na kila asubuhi kabla bomba hazijafunguliwa lazima mtu atie dawa humo ndani. Bila dawa, hayo ni maji ya ziwa tu, na maji ya ziwa yana kipindupindu. Hilo hata mtoto wa chekechea wa Baraka analijua. Mtia dawa alikuwa Wilfried, mdogo wake Adolphine, tumbo moja baba mmoja. Mtunza dawa, na mkubwa wa Wilfried, alikuwa Isidore, muuguzi mkuu wa kituo cha afya, yule wanayemwita titulaire. Kwenye mlango wa kibanda cha mota palibandikwa karatasi yenye sahihi za wote wawili. Dawa ikikosekana, bomba zifungwe, kitambaa chekundu kitundikwe juu ya tangi, na titulaire apitishe kipaza sauti kwenye avenue zote, barabara za mtaa, kuwaambia watu wachemshe maji. Basi. Kazi ya nusu saa kwa mtu mwenye haya.

Dawa iliisha siku ya Jumanne. Na Ijumaa ya juma lile wageni wakubwa walikuwa wanakuja kumkabidhi Isidore cheti cha siku mia moja bila mgonjwa hata mmoja wa kipindupindu. Alikuwa ameshaazima viti vya makanisa mawili, ameshonesha shati, amewapanga watoto wa shule kuimba. Sasa atundike kitambaa chekundu juu ya tangi wageni wakione? Thubutu! Bomba zikabaki wazi, kitambaa kikabaki kimekunjwa ndani ya kibanda.

Na sikieni aibu yenyewe: watu walifurahi. Dawa ile ina harufu, na bamama wa mtaa walikuwa wameilalamikia miezi na miezi, kwamba inaharibu chai, kwamba ugali wa fufu unanuka hospitali. Jumatano maji yakatoka bila harufu. Wakapongezana bombani kama watu waliopata mvua. Marie-Goreth, Mrundi aliyetoka kambi ya wakimbizi ya Lusenda akapanga chumba pale mtaani, alimwita mumewe Claver aje aonje. Adolphine mwenyewe alimjazia binti yake Fanny kikombe, akamjazia na cha pili, akamwambia kunywa mwanangu, leo ni matamu. Kikombe hicho cha pili hakijamtoka moyoni mpaka leo.

Ijumaa wageni walikula, walipiga picha, walikwenda zao. Jioni ileile Fanny akaanza kutapika na kuharisha. Jumamosi kabla ya saa sita mchana mtoto wa miaka tisa alikuwa amekauka, macho yamezama, hayupo. Jumapili Claver naye. Kisha wazee wawili wa avenue ya pili. Walizikwa harakaharaka, wamepuliziwa dawa na kufungwa kwenye plastiki. Ilipatikana dawa ya maiti, jamani! Adolphine hakuruhusiwa hata kumwosha mwanawe uso.

Siku ya tatu ya kilio Wilfried alimvuta dada yake nyuma ya jiko, akalia, akamwaga yote. Kwamba Jumanne asubuhi alimfuata Isidore ofisini akamwambia dawa imekwisha. Kwamba Isidore alimwamuru afunge domo mpaka Ijumaa ipite, dawa italetwa Jumamosi. Kwamba yeye ni mdogo pale kazini, angefanya nini. Adolphine alimwonea huruma. Alimshika bega na kumwambia anyamaze, kwa sababu alimlea tangu mama yao alipofariki, na alijua jinsi anavyoogopa watu wenye mihuri.

Lakini Isidore alipokuwa anapita mtaani akiapa kwamba hakuna mtu aliyemwambia kitu, kwamba angejua angepiga kelele wa kwanza, damu ilimchemka Adolphine. Alipanda pikipiki mpaka Fizi juu, penye mahakama, njia yote tope, akaweka mashtaka. Alipanda tena mwezi uliofuata walipomwambia karatasi haionekani. Na kila aliporudi Wilfried alikuwa anamngoja mlangoni, anamsihi asimtaje. Maana neno lake ndilo ushahidi pekee uliokuwepo, na wote wawili walilijua hilo. Akisimama kusema alimwambia Isidore Jumanne, ataulizwa na yeye Jumatano alikuwa wapi.

Mahakama ilishuka ikakaa Baraka kwenye ukumbi wa parokia. Jaji alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti ya chini. Isidore alikuja na lile shati la sherehe, hana haya! Wakili wake alisimama akauliza ukumbi mzima: mtu huyu amefanya nini? Nionesheni fimbo. Nionesheni kisu. Kaua kwa mkono gani? Watu wengine wakaguna kumkubali, na Adolphine akawatolea macho mmoja mmoja.

Jaji alingoja watulie.

"Mkono wake hatuutafuti," alisema. "Alitia sahihi kwamba atafunga bomba na atasema. Bomba hazikufungwa, hakusema, watu wanne wamekufa. Kwa mtu aliyepewa kazi hiyo, kunyamaza kunatosha kumshtaki. Mimi natafuta kitu kimoja tu. Alijua tangu lini?"

Wilfried alikuwa benchi la tatu, nyuma ya Adolphine, kati ya mkewe Aline na ukuta. Adolphine aligeuka akamtazama. Wilfried akainamisha kichwa, akasema kwa sauti ya kusikika na dada yake tu na wa jirani.

"Yaya, dada yangu, nikisema, na mi najifunga."

"Sema," Adolphine alimjibu.

Alisimama. Alisema, tena alisema vizuri kuliko alivyotegemewa: siku, saa, kiti alichokalia Isidore, maneno aliyoambiwa. Hata alieleza kwamba Isidore alikuwa anahesabu mialiko. Wakili alijaribu kumvuruga, akashindwa. Isidore alitoa kitambaa akajifuta shingo. Marie-Goreth, aliyekuwa amekaa ubavuni mwa Adolphine, alimshika mkono akaubana, kwa sababu hapo walijua wamempata. Adolphine alivuta pumzi ya kwanza tangu ile Jumamosi. Alimtazama mdogo wake kwa fahari, masikini wa Mungu.

Jaji aliandika. Kisha akauliza bila hata kuinua uso, kama mtu anayekamilisha jambo dogo.

"Na nyumbani kwako, zile siku tatu, mulikuwa munakunywa maji gani?"

Wilfried alimtazama Aline, na Aline akatazama sakafu.

"Tulikuwa tunachemsha," alisema.

"Tangu lini?"

"Tangu Jumanne, mama jaji. Nilimwambia bibi yangu Aline achemshe yote. Hata ya kuosha sahani."

Kati ya ua wa Wilfried na ua wa Adolphine pana uzio wa matete. Uzio tu! Mtu akikohoa huku, kule wanamwambia pole. Siku zile tatu Adolphine aliona moshi jikoni kwa Aline mchana kutwa, akadhani wana ugeni. Fanny aliruka uzio ule kila jioni kucheza na watoto wao, akala huko, akanywa huko maji salama, kisha akarudi kwao kunywa kifo, na mjomba wake amekaa kwenye kiti anamtazama anavyoruka.

"Na mutoto wa dada yako?" jaji aliuliza.

"Aliniambia Jumatano. Alisema, mujomba, leo maji iko tamu." Wilfried alikuwa analia sasa. "Sikumwambia kitu. Ningemwambia, angesema kwa mama yake, na yaya angepiga kelele mutaa muzima. Ningefukuzwa."

Hiyo ilikuwa kweli, jamani. Angepiga kelele mtaa mzima. Angepanda juu ya tangi mwenyewe na kitambaa chekundu kichwani.

Mwendesha mashtaka alinong'onezana na jaji. Jaji akaamuru Isidore ashikwe palepale, na polisi wawili wakamsimamisha na shati lake. Adolphine alikuwa amelingojea tendo hilo miezi minne, na lilipotendeka hakulitazama. Jaji akamgeukia, akamweleza polepole kwamba shahidi naye alikuwa na sahihi kwenye karatasi ile, naye alijua, naye alinyamaza. Akamwuliza kama mashtaka yake ni juu ya Isidore peke yake.

Shangazi mmoja nyuma alimwita jina lake la utotoni, kumbembeleza. Mzee wa kanisa alianza kusema neno kuhusu damu na ndugu. Wilfried hakumwomba kitu. Alisema "Yaya" mara moja tu.

Adolphine alisimama. Aliuachia mkono wa Marie-Goreth.

"Mama jaji," alisema, "andika na yake."

Aline alipiga yowe. Karani alichukua karatasi mpya, akamwuliza Wilfried majina yake, akayapata. Akamwuliza jina la baba, na Wilfried akashindwa kulitamka kwa kilio. Karani alirudia swali. Adolphine ndiye aliyejibu, kwa sauti kavu, akamtajia na herufi zake, kwa kuwa baba yao alikuwa mmoja.